Sifa za Farasi Wanaoziba Barabara

Kila nikipiga simu nyumbani Pemba naulizwa Houston kuna nini kizuri. Jibu linalosubiriwa ni maduka, au mishahara, au hospitali. Mimi hutaja farasi. Nawataja wale wanaoingia mjini mwishoni mwa Februari, wakashika katikati ya barabara, wakatembea kwa mwendo wao wenyewe, na nyuma yao magari yakasimama kama ngalawa zilizopwelewa. Kwa wenye haraka zao hii ni kero ya kila mwaka, na redio huitangaza asubuhi pamoja na habari za ajali. Mimi naisifia kero hiyo, naisifia kwa moyo mmoja, na nataka nieleze sababu.

Nilifika Texas Januari 2024. Kazi niliipata ghalani, kaskazini-magharibi ya jiji. Chumba nilipata kusini-magharibi, karibu na barabara ya Hillcroft, mtaa ambao mtu hakosi iliki, mchele wa basmati wala nyama iliyochinjwa kwa Bismillahi. Baina ya chumba na ghala ni nusu saa kwa gari, Mungu akisahilisha. Kwa miguu haiendeki. Umbali ni sababu moja; sababu kubwa ni kuwa hamna pa kupita. Njia ya waenda kwa miguu huanza mbele ya duka, ikafika mwisho wa ukuta wa duka hilo hilo, ikakatika, na mbele yake ni majani na mtaro. Jiji hili limejengewa gari. Lina barabara moja, Katy Freeway, iliyomalizwa kupanuliwa 2008, ambayo penye upana wake mkubwa ina njia 26 ukizihesabu na zile za pembeni. Nilipoambiwa sikuamini, nikazihesabu mwenyewe kwenye picha iliyopigwa kutoka angani.

Ugumu wa mahali kama hapo mgeni hauoni siku ya kwanza. Siku ya kwanza anaona raha: gari lina kiyoyozi, barabara haina shimo. Ugumu huja wiki ya tatu, anapotanabahi kuwa hajamsalimia mtu. Kwetu, toka mlangoni mpaka dukani kununua kibiriti, umeshaitika salamu kumi, umeulizwa hali ya mama, umeulizwa na hali ya mguu wa mama, na ukipita kwa haraka bila kuitika vizuri, kesho utaulizwa kama kuna ugomvi. Vibaraza vya nje ya nyumba zetu vimejengwa kwa kazi hiyo. Houston haina kibaraza. Watu wake si wabaya, nimekaa nao nawajua. Ila kila mmoja yumo ndani ya kioo chake na anakwenda kilomita mia kwa saa. Utamwamkiaje?

Basi ikawa Ijumaa moja mwishoni mwa Februari. Nilikuwa nimepakiwa na mfanyakazi mwenzangu, mama wa Kikongo kutoka Uvira, ambaye huniita yaya kwa kuwa nimemzidi miaka. Kiswahili chake na changu havikutoka bandari moja, lakini tunasikilizana, na ndiyo lugha yetu ya asubuhi. Tulikuwa tumeshaacha barabara kuu, tumeingia njia ya kawaida yenye taa za kuongozea, mara magari ya mbele yakawaka nyekundu nyuma yote kwa pamoja. Tukasimama. Mwenzangu akatazama saa. Dakika tano. Kumi. Akazima injini.

“Yaya,” akasema, “leo tumekwisha.”

Zikaja kwanza pikipiki mbili za polisi, polepole, taa zinazunguka. Nyuma yake farasi wa kijivu, na juu yake mzee mweusi mwenye ndevu nyeupe, amevaa pama na koti refu la mvua, hatamu ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika tasbihi. Kisha wengine, wanaume kwa wanawake na watoto, safu baada ya safu. Kisha magari ya kukokotwa, ya mbao, yamefunikwa turubai, ila magurudumu yake ya mpira. Ndani ya gari moja mlikuwa na spika, na kwenye spika akodiani: muziki uitwao zydeco, wa watu weusi wa Louisiana na wa upande huu wa Texas, unaokwenda mbio kuliko farasi wenyewe. Kwenye gari la tatu, mtoto wa kike wa miaka mitano hivi alikuwa amelala chali juu ya marobota ya majani makavu, buti zake zimetokeza nje ya ubao, hana habari na jiji.

Mzee wa mbele alipofika usawa wa dirisha letu aligusa ukingo wa pama yake kwa kidole na kuinamisha kichwa. Kwa watu wale hiyo ndiyo salamu. Nikashusha kioo, nikasema neno lililonijia kwanza. Nikasema, “Shikamoo.” Akaitikia kwa maneno yake, akapita.

Pamoja na salamu ikaingia harufu. Farasi mmoja alikuwa ameacha mzigo wake juu ya lami, unafuka moshi kwa baridi ya asubuhi. Wanaolalamika huanza na hilo: uchafu, tena barabarani, tena ni wa bure kwa kila mtu. Mimi nilikuwa na wiki kadhaa sijanusa kitu kilicho hai. Nilikuwa nimenusa lami, petroli, sabuni ya ofisi, plastiki ya makatoni. Ile harufu ilinirudisha nyuma ya nyumba ya babu, kule kijijini Kengeja, penye zizi, na nikabaki nimefungua kioo mpaka mwenzangu akaniuliza kama sioni baridi.

Ndipo milango ya magari ikaanza kufunguka. Watu wakashuka. Kijana wa pikapu ya kushoto akapanda nyuma ya gari lake kupiga picha, akamnyanyua na mtoto wa gari lingine ambaye hakumjua. Mwanamke wa gari la nyuma yetu akaja na boksi la karatasi mkononi. Lilikuwa la ofisini kwao, akasema, lakini ofisi itasubiri. Ndani mlikuwa na kolache. Huu ni mkate laini mtamu uliokuja Texas na wahamiaji wa Kicheki katika karne ya 19, umetiwa matunda au jibini katikati. Na siku hizi Houston huita kolache hata ule uliofungiwa soseji ndani. Huliwa asubuhi, kwa mkono, ndani ya gari, na huuzwa katika maduka ya donati ambayo mengi yake hapa yanaendeshwa na Wakambodia. Mwanamke aliona mtandio wangu, akafunua karatasi, akanionyesha kwa kidole: hizi zina nguruwe, hizi hazina. Nikachukua ya aprikoti. Mkate wa Kicheki, uliookwa na Mkambodia, ukatolewa na mama ambaye, kama alivyonieleza, babu zake walitoka Monterrey, Mexico, ukaliwa na mtu wa Pemba na mtu wa Uvira barabarani, tukiwangojea watu weusi wa Texas wapite na farasi wao. Hakuna sherehe ya mataifa iliyopangwa na ofisi yoyote iliyowahi kunikutanisha na watu hivyo. Iliyofanya kazi hiyo ni foleni.

Tulifika ghalani tumechelewa dakika hamsini. Msimamizi alitukata saa nzima. Saa hiyo sijaidai na sitaidai. Nilipokea thamani yake mara nyingi kabla sijafika.

Wapo ghalani wanaouliza, na swali lao ni la haki: kwa nini farasi hao wasipakiwe kwenye matrela? Watafika kwa saa moja, na sote tutafika kazini. Kweli watafika. Lakini msafara huu haukuanzishwa kwa ajili ya kufika. Mwaka 1952 watu wanne, mmoja wao Reese Lockett, meya wa mji mdogo wa Brenham, walitoka huko na farasi na gari la kukokotwa, wakatembea kiasi cha kilomita 110 mpaka Houston, ili watu wajue kuwa maonyesho ya mifugo na rodeo, yaani mashindano ya wapanda farasi na fahali, yamekaribia. Wakauita msafara huo Salt Grass, kwa jina la majani ya chumvi ya pwani, ambako wafugaji wa zamani walishusha ng'ombe wao wakati wa baridi. Tangazo lao lilikuwa ni huko kuonekana njiani. Leo misafara ni kama kumi, inakuja kutoka pande zote, na mmoja, Los Vaqueros, huanzia Hidalgo, mpakani na Mexico, zaidi ya kilomita 600, na watu wake hulala njiani wiki kadhaa. Ijumaa hiyo ya mwishoni mwa Februari misafara hukutana kwenye bustani ya Memorial Park, Houston, na Jumamosi huandamana katikati ya jiji. Wanafunzi na makarani na madaktari siku hiyo ya Ijumaa huvaa buti na pama kwenda kazini. Anayemwambia mtu wa Hidalgo apakie farasi wake kwenye trela anamwambia akate maneno yote, abakize nukta.

Kwangu mimi lakini hoja nzito zaidi iko kwenye msafara wa Prairie View, ulioanzishwa 1957. Huo ulikuwa wakati wa ubaguzi, mweusi ana mlango wake na bomba lake la maji. Waanzilishi walikuwa watu weusi, akiwemo Dk. Alfred Poindexter, mwalimu wa tiba ya mifugo katika chuo kikuu cha weusi cha Prairie View, na Myrtis Dightman, ambaye 1964 akawa mweusi wa kwanza kufika fainali za taifa za rodeo. Nilipokuwa msichana, filamu za farasi tuliziona kwa televisheni ya jirani, na sikumbuki kuona humo mtu wa rangi yangu juu ya tandiko. Kumbe wanahistoria hukadiria kuwa katika enzi za kuswaga ng'ombe, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mchunga ng'ombe mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Sinema iliwafuta. Na mtu aliyefutwa akipita pembezoni, bila kumsumbua yeyote, hubaki amefutwa. Wale wakashika katikati ya barabara. Dereva wa nyuma, apende asipende, anatazama mgongo wa mchunga ng'ombe mweusi kwa dakika arobaini. Mimi nilitazama hizo dakika arobaini, na mtoto aliyenyanyuliwa kwenye pikapu ya kushoto alitazama, na hatuwezi tena kuambiwa kuwa watu hao hawakuwepo.

Wiki tatu baadaye niliingia kwenye rodeo yenyewe. Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya Ramadhani. Tiketi alinipa jirani aliyepata dharura, na nilisita, kwa sababu nilikuwa nimefunga na nilijua pale mahali pananuka nyama choma kutoka uwanja wa magari. Nilikwenda kwa ajili ya fahali. Mtu wa kusini mwa Pemba haachi mchezo wa ng'ombe. Kwetu huchezwa kabla ya mvua za vuli. Fahali hufungwa kamba ndefu, vijana humchokoza kwa nguo, zumari inalia, wanawake tunaimba, na anayekimbizwa huparamia mti wowote ulio karibu. Wazee husema tuliuchukua kwa Wareno. Fahali hauawi. Jioni anarudishwa zizini, na mmiliki wake hutembea kifua mbele.

Houston walianza na maonyesho ya ng'ombe wa kunenepeshwa mwaka 1932, rodeo ikaongezwa 1938, na sasa kwa siku ishirini hivi hupita hapo zaidi ya watu milioni 2. Idadi hiyo ilinitisha. Nilidhani nitakuta kitu cha kasi kama barabara zao. Na kasi ipo: mpanda fahali hutakiwa akae sekunde 8, mkono mmoja kwenye kamba, wa pili hewani, na ukigusa mnyama kwa mkono huo hesabu yako imekwisha. Katika alama 100, nusu ni za mtu na nusu ni za fahali. Hapo nikawapenda. Mchezo unaompa mnyama alama zake ni mchezo wa watu waliowahi kukaa na wanyama.

Lakini nilichokwenda nacho nyumbani ni fahali mmoja aliyegoma kutoka. Alikuwa wa kahawia, mwenye nundu kubwa na pembe zilizokatwa ncha. Alikuwa ameshamwangusha mtu wake, kazi imekwisha, lango limefunguliwa. Akasimama katikati. Wakaja wapanda farasi wawili kumswaga, akawageuzia uso. Akapiga mguu chini, vumbi likapanda, kisha akatulia, anatazama taa. Uwanja mzima, makumi ya maelfu ya watu, na matangazo, na televisheni zenye ratiba ya sekunde, vyote vikamngoja ng'ombe. Mtangazaji akanyamaza. Hapakuwa na kitufe cha kubonyeza. Aliyeketi kulia kwangu, bibi wa makamo mwenye pama nyeupe, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mnyama huyo zizini kwake, “Chukua wakati wako, baba.” Fahali akachukua wakati wake. Akaondoka alipotaka.

Bibi huyo alikuwa tangu mwanzo ameshika hindi la kuchoma lililopakwa siagi. Alipofika aliniletea la pili bila kuniuliza, na ikabidi nimweleze: nimefunga, nafungua jua likizama. Uwanja wenyewe una paa, hata anga haionekani. “Utajuaje?” akauliza. Nikamwonyesha simu: saa moja na nusu. Akatazama hindi lake. Akalifunga tena kwenye karatasi yake ya bati, akaliweka mapajani, akalifunika kwa mkono. Nikamwambia ale, si haramu kwake. Akajibu kuwa hali peke yake mbele ya mtu. Tukakaa hivyo. Wakati huo vijana 28 walikuwa wameachiwa uwanjani kukimbiza ndama 14. Anayemkamata ndama na kumburura mpaka katikati hupewa fedha za kununua mtamba wa kufuga, na desturi hiyo wanayo tangu 1942. Bibi akaninong'oneza kuwa binti yake alimkamata mmoja, miaka mingi nyuma, na kuwa ng'ombe huyo ndiye aliyemsomesha. Simu ikaadhini ndani ya mkoba. Nilikuwa na tende tatu. Nikampa moja, akafungua karatasi ya bati, na tukala hindi lililopoa kabisa.

Nilitoka kabla ya muziki, kuwahi tarawehe. Baada ya hapo Ramadhani yote ikawa na daku la pekee, na hapa lazima niseme juu ya baga, maana kwa watu wa Texas rodeo na baga hii ni chanda na pete.

Whataburger ilianza kama kibanda cha kuuzia baga mjini Corpus Christi, Agosti 1950. Mwenyewe, Harmon Dobson, alitaka mkate wa inchi 5, mkubwa kuliko wa wenzake, ili mlaji aushike kwa mikono miwili na akiuma aseme, “Baga gani hii!” Jina lenyewe ni huo mshangao. Alikuwa rubani, na mapaa ya mikahawa yake yakajengwa mfano wa herufi A, kwa mistari ya chungwa na nyeupe inayoonekana mbali. Alikufa kwa ajali ya ndege 1967. Kampuni ilipouzwa 2019, sehemu kubwa ikaenda kwa wawekezaji wa Chicago, watu wa Texas waliomboleza kama aliyeuza ni baba yao. Nilicheka niliposimuliwa. Sasa sicheki.

Ukiagiza hapo unapewa kibao kidogo cha chungwa chenye namba, unakiweka mezani, unakaa. Baga haikai tayari kwenye rafu; huanza kukaangwa ukishaagiza. Ndani ya gari ni hivyo hivyo, msururu unazunguka jengo. Wenye haraka huhesabu hilo kuwa dosari. Lakini saa tisa za usiku, mji mzima umefungwa, jengo hili lina taa na mlango wazi saa 24, na ule muda wa kungojea ndio unaojaza watu mezani. Nimewaona humo wauguzi waliotoka zamu, kijana wa rodeo mwenye vumbi mpaka kwenye kope, fundi wa mabomba, polisi, na sisi wa Hillcroft na mitandio na kanzu zetu, tumekuja kula daku. Mimi naagiza samaki, kwa kuwa nyama yao haikuchinjwa kwa njia yetu. Samaki mweupe amekaangwa kwa unga, juu yake saladi na nyanya, ndani ya skonsi pana, na chipsi pembeni. Si changu wa Mkoani. Lakini ni wa moto, tena amekaangwa kwa ajili yangu, na mhudumu amemleta mezani kwa mkono wake na kuniita “mama”. Usiku mmoja yule kijana wa vumbi aliniuliza mbona tunatazama saa sana. Nikamweleza. Alfajiri ya kesho yake akaniona tena, akanionyesha saa yake kutoka meza ya pili: dakika kumi zimebaki, kunywa maji.

Kisha ukaja mwezi wa Julai. Alfajiri ya tarehe 8, mwaka huo huo wa 2024, kimbunga Beryl kilipanda kutoka pwani, na zaidi ya wateja milioni 2 wa umeme wakabaki gizani, katika joto lisilosemeka. Hapakuwa na ramani rasmi iliyomwonyesha mwananchi wapi umeme upo na wapi haupo. Mtu mmoja akagundua kuwa programu ya simu ya Whataburger ina ramani ya matawi yake: lililo wazi ni chungwa, lililofungwa ni kijivu. Penye chungwa pana umeme. Habari ikaenea jiji zima, na watu wakatafuta baridi, barafu na mahali pa kuchajia simu kwa ramani ya mkate na nyama. Mimi na mwenzangu wa Uvira tulikuwa siku ya pili bila umeme. Tukafuata nukta ya chungwa.

Tulikuta msururu umetoka mlangoni, umezunguka jengo mara mbili. Wakati huo nilikuwa nimeshafundishwa na farasi jinsi ya kukaa kwenye msururu. Nilishuka garini. Nikasalimia aliyekuwa mbele, nikasalimia wa nyuma. Ikapatikana feni ya betri kwa mzee mmoja, ikapatikana lifti kwa mama aliyehitaji dawa yake ya sukari iwekwe kwenye jokofu, na kijana mmoja akaandika kwenye karatasi nyumba tatu za mtaa wetu zenye wazee wanaoishi peke yao, tukagawana kuwatembelea. Nusu saa ile ilitosha kwa hayo yote. Kama tungehudumiwa kwa dakika mbili tungeondoka kila mtu na kifuko chake.

Ndiyo maana nikiwasikia wanaotaka misafara ya farasi ipitishwe nje ya mji, kwa barabara zisizo na watu, napinga, napinga kwa sauti. Mji wenye njia 26 una nafasi ya kutosha ya kwenda mbio siku zote za mwaka. Ukinyang'anywa asubuhi moja ya kusimama, watu wake watajuana wapi? Kimbunga hakitoi miadi.

Mwaka uliofuata, 2025, siku ya farasi iliangukia 28 Februari, mkesha wa mfungo. Niliomba ruhusa kazini wiki mbili mapema, na mwenzangu akaomba ya kwake. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikanda unga chumbani kwangu, yeye akitaka maandazi ya sukari nyingi kama ya Uvira, mimi nikitaka ya iliki na tui kama ya kwetu. Tukapika ya aina zote mbili, yakafika 120. Saa mbili asubuhi tulikuwa kando ya njia ile ile, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Magari yakasimama, ya kwanza, ya kumi, ya hamsini. Tukapita dirisha kwa dirisha. Maandazi yalikwisha kabla farasi hawajaisha.